Kura ya Gerishon

Woodley, Nairobi
16 Januari 2022

Ndugu yangu Gerishon,

Bwana asifiwe. Sisi tumeamka na uhai. Miguu ya Mama imefura tena, viatu vya kanisa havimwingii, kwa hivyo leo ameenda ibadani na slipa. Nilipomzuia akaniambia, "Nyakio, Mungu haangalii miguu." Daktari anasema ni moyo, umepanuka na umechoka. Hakusema umebakisha siku ngapi, na mimi sikuuliza.

Nitapeleka barua hii kwa saiba, lile duka la intaneti pale Adams, waipige picha wakutumie, na yako watanichapia kama kawaida. Najua unaona ni kazi ya bure, lakini Mama simu haisikii tena, na ile ya video anasema ni picha ya mtu anayefanana na wewe. Karatasi ndiyo anaiamini. Nikishamsomea anaikunja anaiweka chini ya mto.

Sasa nikuchekeshe. Kesho watu wanaanza kuandikishwa kura tena, na kwa ofisi ya chifu kuna tangazo kwamba hata nyinyi wa ng'ambo mtapiga, ya rais peke yake. Nilikuwa nampimia mteja wangu Ndunge wa Kileleshwa mapazia, tukabishana mpaka nikakata kitambaa vibaya. Yeye anasema mko na haki kama sisi. Mimi nikamwambia hapana. Mtu hanywi maji yetu, hapandishiwi bei ya unga na sisi, kukiwa na fujo hajifungii nyumbani na sisi, halafu atuchagulie rais na arudi kula baga? Ni kama mgeni kukuchagulia mume, halafu yeye aende kulala kwake. Ndunge alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini nimesoma lile tangazo hadi chini. Lazima mtu awe na pasi ya Kenya ambayo muda wake haujaisha. Je, wewe utajiandikisha?

Mama anauliza swali lake lile lile, la miaka ishirini na moja. Utakuja lini?

Dada yako,
Nyakio


Jersey City
30 Januari 2022

Nyakio,

Sasa wewe mama wa mapazia, ni nani alikufundisha siasa? Baga nilikula mara ya mwisho nikiwa bado na nywele.

Soma sehemu hii kwa sauti Mama asikie. Mama, mwanao amejiandikisha. Jumamosi nilipanda treni mpaka New York, nikaenda kwa ubalozi mdogo nikiwa nimevaa suti, nikasimama kwa foleni na Wakenya wengine kwa baridi ya kukata masikio. Nikatoa pasi yangu, wakaiangalia, wakanichukua alama za vidole, nikapewa karatasi. Picha yake hii hapa chini. Kidole kimefunika jina, lakini muhuri unaonekana vizuri.

Na wewe Nyakio, nikujibu. Unasema hatunywi maji yenu. Na hizo dawa za Mama zinatoka mtoni? Paa la hiyo nyumba, nani alilibadilisha? Mtu akiwa anaitunza nyumba hata kama halali ndani yake, ako na neno juu ya nani anapewa ufunguo. Mimi nimezaliwa Pumwani, nimebatizwa Woodley, na Baba amelala Dagoretti. Kuvuka maji hakunifanyi kuwa Mzungu. Wakininyima hata kura, nimebaki na nini cha kusema mimi ni wa huko?

Kuja, nitakuja. Kazi ya hospitali ndiyo imenishika, wagonjwa ni wengi na wasimamizi ni wachache, hawawezi kuniachilia mwezi mzima. Mama, kula vizuri.

Gerishon Mbuthia


Woodley
20 Februari 2022

Gerishon wangu,

Ungeiona nyumba hii! Nilimsomea Mama mara tatu. Ile picha ya karatasi nililipia ichapwe kwa rangi, ameipeleka kanisani kwenye mkoba. Wakati wa matangazo akainua mkono. Mzee Muigai akadhani anazidiwa, akamkimbilia na maji. Mama akasimama na slipa zake akasema, "Mimi naomba mnisaidie kumshukuru Mungu. Mwanangu Gerishon, ambaye wengine wenu mmekuwa mkisema alipotelea Amerika, amejiandikisha kura ya Kenya." Wakapiga makofi. Mimi nilitoa machozi, nisikufiche.

Lakini kuna jambo umeanzisha. Mama hakusoma sana lakini akili yake haijazeeka. Tukirudi nyumbani akaniuliza, "Nyakio, ulisema hawaandikishwi bila pasi?" Nikasema ndiyo. Tulipofika kwa mlango akasema, "Basi ako na pasi. Na mwenye pasi anaweza kupanda ndege."

Tangu siku hiyo amekataa nitumie kile chumba chako kuwekea vitambaa. Amemwita fundi akakipaka rangi. Amesema utakuja Pasaka, kwa sababu hapo nyuma ulikuwa ukituambia pasi yako iko ofisini inashughulikiwa, na sasa imetoka.

Gerishon, nami nakuomba. Wiki mbili tu. Hiyo hospitali si ina watu wengine?

Nyakio


Jersey City
13 Machi 2022

Nyakio na Mama,

Pasaka haitawezekana. Idara yetu imepunguza watu, na mimi ndiye mkubwa wa zamu. Mama, usiudhike. Wacha tumalize uchaguzi. Nikishapiga kura yangu Agosti nitaomba likizo ndefu, nije nikae hadi mnichoke. Chumba kisipakwe rangi ya bluu, nitadhani niko kliniki.

Muwe na amani.

Gerishon


Woodley
24 Aprili 2022

Gerishon,

Hii sijui nianzie wapi, nimeomba kwanza.

Pasaka Mama alivaa gauni lake la kijani akakaa sebuleni toka asubuhi. Nilikuwa nimemsomea barua yako vizuri kabisa, kila neno. Lakini alikaa. Gari likisimama nje anauliza ni nani. Saa kumi jioni akaniambia nimtoe lile gauni.

Sasa hataki nimsomee barua. Ile karatasi ya kura ameitoa chini ya mto akaiweka juu ya redio, kila anayekuja anaonyeshwa, lakini si kwa furaha tena. Anasema, "Tazama. Kwa serikali alipata siku. Alivaa suti. Alipanda treni. Kwa mimi amekosa."

Jumatano usiku wa kuamkia Alhamisi alishindwa kupumua, tukamkimbiza hospitali. Amelala huko siku mbili. Shangazi Ciru alikuja kutoka Dagoretti kunisaidia, na Mama akamwambia mbele yangu: "Nikienda, nitaacha neno juu ya huyo kijana."

Gerishon, mimi nimeokoka. Mchungaji amefundisha mara nyingi kwamba damu ya Yesu inavunja laana zote, na mimi naamini. Lakini wewe unajua kirumi, laana ya mzazi, ni nini kwa watu wetu. Neno ambalo mzazi anaacha anapokufa halina wa kulirudisha, isipokuwa aliyelisema, na yeye atakuwa mchangani. Shangazi Ciru, na ushemasi wake wote, alishika mdomo kwa mikono miwili.

Panda ndege. Kama ni nauli, nitauza cherehani moja. Njoo umshike mkono tu, hasira ya mama huisha ikishikwa mkono.

Nyakio


Jersey City
5 Mei 2022

Nyakio. HII USIMSOMEE MAMA. Usimsomee mtu.

Nimeandika na kurarua mara nne. Sikujiandikisha. Ile karatasi ni ya Lenox, yule jamaa wa Maseno ambaye tunapanga nyumba pamoja. Kidole kinachofunika jina ni changu, hicho tu ndicho changu.

Pasi yangu iliisha mwaka wa 2009. Niliingia nchi hii na viza ya shule ya miaka miwili, shule ikaisha, nikabaki bila ruhusa. Hakuna kitu kilichokuwa ofisini kinashughulikiwa. Siku hiyo nilimsindikiza Lenox hadi ule mlango wa ubalozi na suti yangu. Akaniambia, "Si uingie, hawa ni watu wetu." Miguu ikakataa. Mtu akikaa miaka mingi akiogopa kaunta, hata kaunta ya kwao anaiogopa. Nilimngoja ng'ambo ya barabara, nikiangalia bendera.

Na hospitali, sijawahi kufanya kazi ya hospitali. Naosha wazee majumbani kwao. Nawalisha, nawageuza, nawabadilisha. Sasa hivi niko na bibi mmoja wa miaka tisini na moja, miguu yake imefura vile vile.

Najua utasema, tafuta karatasi za safari uje. Naweza kuja. Lakini nikitoka hapa mlango unafungwa nyuma yangu, na niko na mtoto, Nyakio. Hamjui. Ako na miaka tisa, nimempa jina la Mama. Mama yake tuliachana, lakini Jumapili zote ni zangu. Nikija kumshika Mama mkono, nitakuwa nimeuachilia wa huyu. Ni mimi huyu, wa miaka hamsini na tatu, na sanduku moja.

Kwa nini nilisema uongo wa kura? Kwa sababu uliniuliza, na ulikuwa umesema sisi si wa huko. Nilitaka tu, hata kwa karatasi, niwe wa huko.

Usimwambie.

G.


Woodley
20 Mei 2022

Kwa Gerishon,

Nililia nikiwa kwa cherehani mpaka Ndunge, aliyekuja kuchukua mapazia yake, akaniacha akaenda bila kuuliza. Nililia kwa hasira, halafu kwa huyo mtoto. Miaka tisa! Shangazi yake hajamshonea hata kanzu moja.

Nisamehe kwa yale maneno ya mgeni na mume. Nilikuwa nacheza. Lakini wewe pia, ndugu yangu, ungeniambia tu mimi. Mimi ndiye nilikuwa nakuficha viboko vya Baba.

Sasa nisikilize. Mama hana hasira na mtu asiye na pasi. Ana hasira na mtu aliye nayo. Yule anayemlaani hayuko, tumemtengeneza wewe na mimi, wewe ukiandika na mimi nikisoma. Akijua ukweli atalia siku moja na atakusamehe. Na akisikia kuna msichana huko anaitwa jina lake, atapona hata hiyo miguu.

Nipe ruhusa nimwambie. Nikimwambia bila ruhusa yako nitakuwa nimekuvua nguo. Lakini usichelewe. Anapumua akiwa ameketi sasa, akilala anazama.

Nyakio


Jersey City
2 Juni 2022

Nyakio,

Hapana. Nakuomba kwa jina la Baba.

Atasema kanisani, unamjua. Atainua mkono wakati wa matangazo aombewe mwanawe anayejificha kama mwizi na kuosha wazungu. Yule mzee Muigai atachekea wapi? Afadhali anikasirikie nikiwa mtu kuliko anihurumie nikiwa si kitu. Hasira nitamtoa. Acha uchaguzi upite, nimeongea na wakili mmoja, kuna njia anaona.

Mwambie nampenda. Hiyo si uongo.

Gerishon


Jersey City
10 Julai 2022

Dada yangu,

Siku tatu hujajibu jumbe zangu. Shangazi Ciru ndiye ameniambia Mama yuko hospitali tena, na safari hii wanamtoa maji kifuani.

Hakuna wakili. Alichukua pesa ya kusikiliza, akaniambia hakuna njia.

Mwambie. Mwambie yote, pasi, karatasi ya Lenox, wazee, mtoto. Akitaka kusema kanisani aseme. Nimetuma picha ya msichana, amekosa jino la mbele. Mwonyeshe hiyo kwanza.

Tafadhali uniandikie alichosema, neno kwa neno. Kibaya au kizuri, usinipimie kama mtoto. Nimekula uongo wangu mwenyewe hadi nimeshiba, usiniongezee wako.

G.


Woodley
14 Agosti 2022

Ndugu yangu mpendwa Gerishon,

Bwana ni mchungaji wetu.

Mama alitutoka Alhamisi tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi, akiwa ameketi kitandani. Nilikupigia ukasikia, lakini hukuweza kuongea na mimi sikuweza kueleza. Uliomba neno kwa neno. Nimekaa siku tatu nikimwomba Mungu anionyeshe kama ni dhambi kukupa au ni dhambi kukunyima. Naona nisiwe mtu wa pili kukuficha.

Alitoka hospitali tarehe kumi na saba Julai. Jioni hiyo hiyo, Shangazi Ciru akiwepo, nilimwambia yote kwa sauti karibu na sikio lake zuri. Nilianza na picha ya mtoto kama ulivyosema. Aliishika, akaiangalia sana, akasema, "Mtoto mzuri. Ni wa nani?" Nikamwambia. Nikaendelea mpaka mwisho.

Hakuamini.

Alinyoosha mkono kwa redio akachukua ile karatasi. "Asiye na pasi haandikishwi. Wewe mwenyewe ulinisomea. Muhuri huu ni wa nani? Hii si serikali?" Nikamwambia ni ya rafiki yako, kidole kimefunika jina. Akaniangalia kwa huruma, Gerishon, kama vile mimi ndiye nimepotea. "Wewe ulimpenda tangu utotoni. Alikuwa akivunja kikombe unasema ni wewe. Sasa umemtafutia hata uchochole ili nisimkasirikie, na mtoto wa kuazima." Shangazi Ciru akasema, "Huyu hasemi uongo, dada." Mama akamjibu, "Na wewe nyamaza, amekununua."

Kila siku nilijaribu tena. Ile karatasi tulimpa wenyewe, kwa rangi, na maneno yangu hayakuwa na muhuri.

Tarehe tisa alisema lazima apige kura. Nikamkatalia, daktari akamkatalia, akasema basi ataenda kwa magoti. Mzee Muigai alileta kiti cha magurudumu cha kanisa, tukamsukuma hadi shule. Wazee hawapangi foleni, watu walitufungulia njia. Vijana wawili walimvulia kofia zao kwa heshima. Alikataa nimsaidie, karatasi zote sita alizikunja mwenyewe na kila sanduku akauliza mara mbili ni la nini. Tulipotoka akaninyooshea kile kidole chenye wino. "Mimi nimetembea," akasema, "na moyo huu. Na niko mlango wa pili tu kutoka kwa kifo." Nilijua anamwambia nani.

Jumatano usiku hatukulala, kila nyumba ilikuwa imewasha televisheni inahesabu kura. Yetu nilikuwa nimeizima. Alfajiri aliniita, akamwita na Shangazi Ciru. Alikuwa na akili zake zote, nisikudanganye kwamba alipayuka. Alisema:

"Gerishon mwambieni hivi. Alikopigia kura, huko huko azikwe."

Shangazi akapiga magoti. Mimi nilimkamata mikono yote miwili, nikamwambia, "Mama, rudisha hilo neno. Hakupiga. Nakuapia kwa Mungu aliye hai na kwa kaburi la Baba, Gerishon hakupiga kura Amerika, hakupiga popote. Si wa huko. Hakuna mahali walimwandika."

Sijawahi kumwapia Mama maisha yangu yote, alijua siapi. Nafikiri hapo ndipo aliniamini. Kitu kililegea usoni mwake, nami nikasema asante Yesu, amesikia.

Akasema, "Hakupiga popote?"

Nikasema, "Popote, Mama."

Akasema, "Basi hana kwao."

Hakuongea tena. Tuliimba, tukaomba, nilimwekea picha ya mtoto mkononi, hakuitupa. Saa tatu akaenda.

Gerishon, ukiniuliza alisema kwa hasira au alisema kwa kukulilia, sijui. Nimeisikia ile sauti usiku na mchana, nikiipima kama kitambaa. Mara inakaa hivi, mara inakaa vile. Shangazi anasema lile neno la kwanza limefutwa na la pili. Mchungaji anasema yote mawili yamefutwa msalabani. Mimi nilikuwa hapo na sijui.

Tutamzika Ijumaa Dagoretti, kando ya Baba, uchaguzi ukitulia. Wale wa mochari walimwosha lakini wino haukutoka.

Jana nilipeleka majina kwa saiba wachape kitabu cha mazishi. Jacklyne, yule msichana anayechapa, amechapa vitabu vingi, anajua mpango. Kila mtoto anawekewa mahali alipo, kama wa Nakuru au wa Woodley. Akafika kwako. "Gerishon Mbuthia. Huyu ndiye wa Amerika, sindio? Niandike Amerika?"

Nikamwambia asiandike. Akangoja, vidole vikiwa juu ya mashine. "Basi niandike wapi, Mama?"

Nilisimama hapo mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kulalamika. Nikamwambia aache jina tu.

Dada yako,
Nyakio